Maji Yalipopoa Ghafla

Kabula mwanangu,

Marahaba. Asubuhi uliniamkia nikiwa nimeinamia baiskeli, nikakuitikia bila kuinua kichwa, ukaenda zako kuaga kanisani na kwa majirani. Sasa ni saa tisa alasiri. Mama yako ametandaza vitu vyako kitandani na anavipanga upya kwa mara ya tatu. Mimi nimechukua daftari, nimekaa barazani, nakuandikia kabla hujarudi.

Mambo ya blanketi, dawa na mtu wa kukupokea ukishuka basi nimemwachia yeye. Amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka basi litoke Ushirombo. Michembe ya viazi aliyokufungia inatosha kulisha ukoo mzima. Mimi nataka tuongee habari za mto.

Tangu uliposema umepata kazi kule nyanda za juu kusini, kwenye mto wa baridi wenye samaki wanaoitwa trauti, sijatulia. Nikiwa shambani nauwaza mto ule. Nikiwa kanisani, Mungu anisamehe, nauwaza pia. Ulinieleza kwamba kila asubuhi utashuka mtoni na kipimajoto, utapima joto la maji na kina chake, utaangalia rangi, utageuza mawe uone vidudu gani vimejificha chini, kisha utaandika yote kwenye ubao ili wavuvi wajue mto umeamkaje. Nikakuuliza, "Yaani watakulipa kwa kuutazama mto?" Ukacheka, ukasema, "Baba, wewe umeutazama maisha yako yote bure."

Neno hilo nimelichekea wiki nzima.

Halafu ukanionyesha kwenye simu ile picha ya ndoano iliyofungwa manyoya. Ukasema trauti anadhani ni mdudu, anaruka anaikamata. Sikukuambia nilichofanya siku iliyofuata. Nilimkamata jogoo wa mama yako, nikamng'oa manyoya manne ya shingoni, nikayafunga kwenye ndoano ndogo kwa uzi wa kushonea, nikaenda kwenye lambo la ng'ombe. Mtoni kwetu sasa hivi ni mchanga na vidimbwi tu, unajua kiangazi hiki kilivyo. Nikairusha. Kambare mmoja alipanda, akaitazama, akashuka zake kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Nikairusha tena na tena. Mwisho perege mdogo, hata kiganja hafiki, akaruka akaidaka! Nilimwachia, lakini nilibaki nimesimama kwenye maji mpaka magotini nikicheka peke yangu. Niliporudi mama yako aliuliza jogoo wake ana ugonjwa gani. Nikasema labda ni upele.

Kwa hiyo nina maswali, na naomba uyachukue uende nayo. Unasema wakati huu, baridi kali ya Juni na Julai ikishaachia na mvua haijaanza, ndio wakati wao mzuri kule. Maji yanaanza kupata joto kidogo, vidudu vinatoka chini ya mawe, vinaota mabawa, na samaki wanapanda juu kula. Sasa, vile vidudu vinajuaje kwamba siku imefika? Huku kumbikumbi wanatoka mvua ikigonga kichuguu, hilo naweza kulielewa, maana wanagongewa mlango. Lakini wale walio ndani ya maji wanagongewa na nani? Na maji yakiwa safi mpaka unaona kila kokoto, samaki naye si anakuona wewe? Sisi tunavua kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, hatumwoni samaki wala yeye hatuoni, tunakutana kwenye ndoano. Ninyi mnavua mkitazamana. Hilo linanishangaza kuliko yote.

Na baridi yenyewe. Mkono ukiuingiza mle asubuhi, unauma? Hilo la baridi ya maji ndilo lililonikalisha hapa, ng'wana wane, mwanangu. Nina habari yake ambayo sijawahi kukuambia kama ilivyokuwa.

Nikiwa kijana sikuwa na kitu isipokuwa maswali. Nilikuwa nikikaa kingoni mwa mto wetu siku nzima ya kwanza ya mvua nikiangalia maji yanavyofika. Yanaanza kama ulimi mwembamba unaolamba mchanga, na povu mbele yake, na majani, na mende wanaokimbia. Nilijifunza kwamba kambare hawapandi siku ya kwanza, wanangoja maji yapate harufu ya udongo wa mashamba. Nilijifunza kwamba kumbikumbi wakianguka mtoni asubuhi, ndoano yenye kumbikumbi watatu inashinda minyoo. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nauliza mto, unakataa kujibu, nauliza tena kesho yake.

Basi watu wakaanza kuniona. Wakawa wanapita nyumbani asubuhi, "Baba Kabula, mto unasemaje leo?" Nami nasema. Mara nyingi nilipatia. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana siku ambazo sikujua nilisema pia. Mtu amekuja kwa baiskeli kutoka mbali, amesimama mlangoni kwako na kofia mkononi, utamwambia hujui? Niliona aibu. Taratibu nikaacha kuuliza. Nikawa naufikia mto nikiwa tayari na jibu.

Mwaka ule wewe ulikuwa ndiyo umeanza kutambaa. Baba yako mkubwa Masanja alikuwa amepata nafasi Isaka, utingo kwenye lori la mizigo linalokwenda magharibi, na dereva alikuwa ameahidi kumfundisha kuendesha. Alikuwa aondoke wiki iliyofuata. Wewe unamjua Masanja wa cherehani, anayekanyaga kwa mguu mmoja na kuimba puani. Yule wa wakati ule alikuwa hakai. Alikuwa na ramani ya barabara aliyoikata kwenye kalenda, anaikunjua kila mtu anapopita, anaonyesha miji kwa kidole.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka, na kumbikumbi wakaruka kila mahali. Masanja hakuwa mvuvi, ila alitaka samaki wa kula na mama yetu kabla ya kuondoka. Tukaenda. Kingoni kulikuwa na watu kama kumi, wengine na ndoano, akina mama na vikapu. Samaki walikuwa ng'ambo, kwenye kina kilicho chini ya mkuyu. Maji ya kuvuka yalifika magotini tu.

Mtu mmoja akaniuliza, "Kunavukika?"

Nikasema, "Kunavukika."

Masanja akatangulia. Mimi nikainama nikatumbukiza mkono, kama ilivyokuwa desturi yangu. Maji yalikuwa ya baridi. Sisemi ule ubaridi wa asubuhi. Alfajiri nilipopita kujaza ndoo yalikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Sasa yalikuwa yamepoa mpaka vidole vikashtuka. Sikujua maana yake. Nilitoa mkono, nikaufuta kwenye suruali.

Masanja naye alikuwa ameshaingia. Akasimama katikati, akageuka, akasema kwa sauti wote wakasikia, "Ng'wana mayu, ndugu yangu, mbona maji yamepoa ghafla?"

Watu kumi wakanitazama.

Nikasema, "Ni kivuli cha mkuyu. Wewe pita."

Mkuyu ulikuwa hatua ishirini mbele yake, mwanangu. Jua lilikuwa linampiga utosini.

Akapita. Nami nikaingia nyuma yake, hatua mbili, tatu. Kisha nikaona nyasi kavu zinateremka, na kinyesi cha ng'ombe, na kandambili moja ya mtoto. Kisha nikasikia mlio kama malori mengi yanapanda mlima kwa pamoja. Mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu mto unakotokea, na pengine ilikuwa na mawe. Mimi nilikuwa karibu na kingo, niliruka nikashika nyasi. Nilipogeuka Masanja hakuwepo.

Alikuwa amesukumwa mpaka kwenye mizizi ya mkuyu, ameikumbatia, na gogo likaja likambana mguu pale. Alipiga kelele mara moja tu. Wachungaji wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe walileta kamba zao, tukazifunga pamoja, mmoja wao akajifunga kiunoni akaingia. Sikuwa mimi. Nilikuwa nimeshika mwisho wa kamba, nimekaa kwenye tope, navuta.

Tulimbeba kwa baiskeli hadi hospitali. Jioni bibi yako alifika, akasimama mguuni pa kitanda, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ndiye unayeujua mto. Hukuona dalili yoyote?"

Nikasema, "Mto haukutoa dalili."

Masanja alikuwa amelala amefumba macho. Hakusema kitu.

Maneno hayo uliyasikia tangu utotoni. "Mto ulikuja bila dalili." Yamesemwa kwenye harusi na misiba, mpaka wewe mwenyewe uliyaandika kwenye insha ya shule, na mwalimu akakusifu. Mimi ndiye niliyeyatunga, pale hospitalini, kwa sababu niliona aibu. Mto ulitoa dalili. Niliigusa kwa mkono wangu, na ndugu yangu akaniuliza kwa mdomo wake.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Lori la Isaka liliondoka na utingo mwingine.

Mimi nikaondoka nyumbani. Nilimwambia mama yako nakwenda kutafuta maisha machimboni, naye akakubali, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kutembea kingoni mwa mto ule na watu wakinisalimia kwa heshima. Misimu mitatu ya mvua nilikuwa chini ya ardhi, upande wa Geita, kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia dhahabu, na mvua nilikuwa naijua kwa kuloa kwa kamba tu. Sikupata dhahabu ya kusimulia. Nilipata jambo moja. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa anatangulia kushuka kila asubuhi. Anagonga ukuta kwa nyundo, anasikiliza. Siku nyingi alisema, "Shukeni." Siku moja aligonga, akasikiliza, akagonga tena, akatazama juu kwetu akasema, "Leo sijui."

Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Alipanda juu, wote tukakaa juani tukala mihogo, tukamshukuru kama vile ametupa zawadi. Ukuta haukuanguka siku ile, wala kesho yake. Ulisimama tu. Na hakuna aliyemlaumu! Nilikaa pale na muhogo mkononi nikawaza: kumbe inawezekana. Mtu anasema hajui na mbingu hazianguki. Nilirudi nyumbani mwezi uleule.

Ulikuwa na miaka minne hivi, ukanikimbia kwa sababu hukunijua.

Masanja alikuwa ameshahamia Runzewe na cherehani yake. Mvua zilipokaribia alikuja kwetu, kapakiwa kwenye baiskeli ya jirani, mguu umening'inia. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akanywa uji, akauliza habari za machimboni, kisha akasema, "Nipeleke mtoni."

Tukaenda polepole. Akakaa kwenye jiwe. Akatumbukiza mkono kwenye maji, akauacha humo muda mrefu, akauliza, "Hivi yanapoa kwa nini?"

Miaka mitatu nilikuwa nalikimbia swali hilo. Nikasema, "Sijui."

"Basi tutafute."

Ndivyo tulivyoanza. Hatukuwa na kipimajoto. Tulikuwa na mikono yetu na chupa ya maji tuliyoifukia mchangani iwe ya kulinganishia. Masanja alikaa kwetu mvua zote zile, akashonea watu nguo barazani, na kila asubuhi na kila mchana tulishuka tukagusa. Yeye aliandika kwa chaki ya kushonea kwenye ubao wa mlango: vuguvugu, vuguvugu, baridi kidogo, vuguvugu. Mama yako alilalamika kwamba mlango wake umekuwa shule. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, na mkono wake ulionekana kuwa mwerevu kuliko yetu sote wawili.

Mara tano msimu ule maji yalipoa ghafla. Mara nne, muda wa kuchemsha na kusonga ugali haukupita kabla maji makubwa hayajafika. Mara moja hayakuja kabisa, na mpaka leo sijui kwa nini. Tulikuja kuamini kwamba mvua ya mbali ikiwa kubwa, maji yake ya mwanzo yanatangulia kimyakimya, bado yana ubaridi wa mawinguni, kabla tope na magogo hayajafuata. Labda ndivyo. Wewe umesoma, utaniambia kama tulikosea.

Ile mara ya nne tulikuwa wawili tu kingoni. Tulipanda juu, tukakaa, na maji yakaja kweli, na ule mlio wake. Masanja alishangilia kama mtu ambaye timu yake imefunga. Nikamwambia, "Kaka, siku ile niliyahisi kabla yako. Nilitia mkono. Nilijua yamepoa."

Hakugeuka. Akasema, "Nilikuona. Uliufuta mkono kwenye suruali kama umeshika kinyaa."

"Ulijua? Siku zote?"

"Siku zote."

"Kwa nini hukusema pale hospitali?"

Akasema, "Nilitaka uniambie wewe. Nikasema nitangoja. Sikujua utaenda kujificha chini ya ardhi misimu mitatu." Kisha akanipa mkono nimsimamishe, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi, akasema anasikia njaa.

Hayo ndiyo yote tuliyosemezana. Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikiosha vyombo, mama yako akajifanya haoni.

Kabula, sikuandikii haya ili ubebe mzigo wangu kwenye begi lako. Nakuandikia kwa sababu ya ubao ule utakaokuwa unauandika. Nimeuwaza sana. Utakuwa na nambari, na nambari ni nzuri, laiti ningekuwa nazo. Lakini wavuvi wale hawatakuwa wanasoma ubao tu. Watakuja kwako. Wametoka mbali, wana siku mbili tu za kuvua, watasimama na kofia mkononi, "Dada, mto unasemaje leo?" Mwanzoni utasema unachokiona. Utapatia. Watakuita mtaalamu. Na siku moja kipimajoto kitakuambia kitu ambacho hukitarajii, maji yatakuwa na rangi ambayo hujawahi kuiona au vidudu havitatoka siku ambayo vilitakiwa kutoka, na watu watakuwa wanakutazama.

Siku hiyo siwezi kuwa pale. Ninachoweza ni kukuambia jinsi aibu ile inavyokuwa, ili uitambue ikija. Inaanzia shingoni, inapanda masikioni. Inafanya jibu lije haraka sana. Mimi jibu likija haraka sasa, natulia kidogo nalitazama.

Na uniandikie kuhusu siku hizo hasa. Siku ulizopatia utawaandikia wakubwa wako wa kazi. Mimi niletee zile ambazo hukuelewa kitu. Niambie trauti wamefanya nini cha ajabu. Niambie kama wanalala. Niambie kama ni kweli wanakaa wamegeuzia vichwa vyao maji yanakotoka, maana nikiwaza, sijui kiumbe kingine kinachokaa siku nzima kikisubiri kitakacholetwa.

Nilifika hapa nikasimama, kwa sababu Masanja ameingia uani. Amekuja kutoka Runzewe kukuaga, amekushonea koti zito, na ameweka mifuko minne kwa sababu anasema mtu wa mtoni hana mifuko ya kutosha. Ameketi hapa barazani anakula karanga. Nikaona si haki kuandika habari zake nyuma ya mgongo wake, nikamsomea barua hii yote, mwanzo mpaka mwisho. Mama yako aliacha kupanga nguo akaja kusikiliza.

Nilipomaliza Masanja akasema, "Ongeza kitu. Andika kwamba niliingia kwa miguu yangu miwili. Nilihisi baridi, nikauliza, nikajibiwa upuuzi, nikajua ni upuuzi maana jua lilikuwa linanichoma kichwa, na bado nikapita. Nilikuwa na haraka ya kwenda Isaka. Usimnyime mtoto hilo."

Nimeliandika kama alivyolisema. Mimi sikubaliani naye, naye hakubaliani nami, na mama yako anasema tumezeeka vibaya wote wawili.

Halafu akaniuliza, "Utampa lini?"

Nikamwambia nimepanga kukupitishia dirishani kesho, basi likishawashwa.

Akanitazama. "Ili usiuone uso wake anaposoma?"

Sikujibu haraka. Nikasema, "Ndiyo."

Kwa hiyo nakupa leo, ukirudi tu, kabla ya chakula. Soma hapo hapo mlangoni ukitaka, au nenda nayo nyuma ya nyumba. Mimi nitakuwa hapa barazani, sitaenda popote. Ukimaliza njoo ukae, uniulize chochote.

Baba yako.